Kamba Zilizorudi Msituni

Shemeji yangu Anouar aliniibia kazi yangu. Sisemi alinikosea, wala sisemi tulipishana maneno. Aliniibia. Alinifanya niweke kidole gumba kwenye karatasi aliyonisomea vibaya kwa makusudi. Aliniambia ni karatasi ya kuingia katika ushirika, kumbe ilikuwa inasema kwamba njia ya kujua rotini imekatwa na nani, pamoja na haki ya kukubali tita au kulikataa, ni vitu alivyovianzisha yeye, na mimi ni mfumaji wake tu. Sikusoma, na Anouar analijua hilo vizuri, maana amekula pilau katika nyumba hii miaka ishirini. Nimetanguliza jambo hili ili nikianza kucheka hapo mbele mtu asidhani nimesamehe. Nitacheka kwa sababu mambo yenyewe yanachekesha, na sina tabia ya kukikataa kicheko eti kwa kuwa kimeletwa na mtu nisiyempenda.

Mimi ni Asiya. Nimezaliwa Bwiza, hapa Bujumbura, nimeolewa Bwiza, na safari yangu ndefu ni kwenda Ruziba kununua samaki wadogo wa ndagala. Baba yangu alikuwa fundi wa magari mwenye watoto tisa. Shule ilifika kwa mtoto wa nne ikachoka. Mimi nilikuwa wa sita. Kazi nilifundishwa na mume wangu Hamissi, Mungu amrehemu. Alikuwa akitengeneza viti vya rotini kando ya barabara. Rotini ni ile fito ndefu ya msituni yenye miba, Wakongo wanaiita kekele, inayopanda juu ya miti mingine kama mtu mvivu anayebebwa. Huku kwetu haipatikani. Inatoka misitu ya Mwenga, inashuka kwa lori mpaka Uvira, inavuka mpaka wa Gatumba, inatufikia ikiwa matita ya fito ishirini ishirini, kila ufito mrefu kuliko chumba changu. Hamissi alinionyesha namna ya kuibandua, kuipasha moto ili ikubali kupinda, na kuifuma. Alipofariki, miaka sita sasa, aliniachia kisu chake na saloni moja nusu, yaani seti ya viti vya sebuleni, ya watu waliokuwa wanangojea harusi.

Nilimaliza eda, nikamaliza na saloni. Wenye harusi wakafurahi, wakanialika.

Shangazi wa bwana harusi, bi mkubwa mwenye kilo zake na heshima zake, alipewa kiti kikubwa kuliko vyote. Kiti hakikuvunjika. Kingevunjika ningeelewa. Kiti kilianza kufunguka. Kwanza mguu wa kushoto ulitoka nje kidogo ukasema kwii. Kisha mgongo ukalegea. Bi mkubwa akashuka taratibu na sahani ya pilau mkononi, bila kumwaga punje, huku akiendelea kumsimulia jirani yake habari za figo, mpaka akafika chini kabisa. Akatazama huku na huku akauliza, "Mbona nyinyi wote mumerefuka?"

Watu walilia kwa kucheka. Bibi harusi alicheka hadi wakamfuta uso mara mbili. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikabeba vipande vya kiti changu nikaenda nyumbani kuvichunguza, na hapo kicheko kikaniisha. Fito zilikuwa changa. Ufito mchanga umejaa maji. Ukikauka unasinyaa, na kila kamba uliyoufungia inabaki imekumbatia hewa. Nikafungua matita mengine niliyokuwa nayo uani. Zaidi ya nusu yalikuwa hivyo hivyo, laini kama sukari guru.

Aliyekuwa akituletea rotini ni Sephora, mama wa Uvira, mfupi, mwenye sauti ya kuita basi lililokwisha kuondoka. Nikamwekea ufito mbele.

"Sephora, hizi ni fito za watoto."

"Mama Asiya, mi si daktari wa miti. Mi nanunua tita, naleta tita."

"Nani anakata?"

"Wanaume."

"Wanaume gani?"

"Wanaume wa msituni, mama! We unataka nikuletee na picha zao za pasipoti?"

Lakini akakaa, akanieleza. Wachuuzi wa Uvira walikuwa wananunua tita kama tita, fito ziwe kuukuu au changa. Basi mkataji akifika kwenye shina la kekele anakata lote, mama na watoto, anasonga mbele, na shina lililokatwa lote halioti tena. Zamani kekele ilikuwa karibu na njia. Siku hizi wanatembea siku mbili kuitafuta.

"Miaka mitano tu," Sephora akasema, "itabidi ufume viti vya makaroni."

Tukacheka, halafu tukaacha kucheka kwa pamoja.

Mtu asiyesoma maandishi anasoma vitu vingine. Kila tita lilikuwa limefungwa mahali patatu kwa kamba ya gome, na nikiwa nimekaa chini na kamba hizo mapajani niliona kwamba mafundo hayafanani. Moja lilikuwa limesokotwa kama nywele za mwanamke. Jingine lilizungushwa mara mbili na mkia wake kufichwa ndani. Jingine lilikuwa na mkia mrefu wa fujo, fundo la mtu mwenye haraka ya kwenda kula. Nikamuuliza Sephora, naye akashangaa kwamba sijui. Kule msituni, akasema, mkataji anaacha matita yake njiani siku tatu, siku nne, mpaka amalize kukata, na hakuna anayeyagusa, maana fundo linasema ni ya nani. Kila mtu na fundo lake, tangu babu zao. Kuiba tita unaweza. Kuiga fundo la mwenzako huwezi, mkono unakataa.

Nikachukua ile kamba yenye mkia mrefu, nikaiviringisha, nikampa.

"Irudishe kwa mwenyewe. Mwambie mama wa Bujumbura anasema amekata watoto."

"Nisafirishe kamba? Mpaka Mwenga? Kwenye lori?"

"Haili, haihitaji kiti."

Alicheka, lakini aliipeleka. Kiongozi wa wakataji anaitwa Namegabe, na huyo ndiye aliyelifanya jambo likawa jambo. Alipoipokea kamba aliitundika kwenye mwimo wa mlango wa kibanda wanachokula wote. Mwenye fundo akaja kula, akaona fundo lake liko mlangoni, na wenzake wakaanza kumpa pole. Hawajambo watoto? Yule mdogo ameanza kutembea? Mama yao bado analia? Sephora alisema yule bwana hakumaliza ugali wake.

Safari iliyofuata, tita lake lilikuwa na fito kumi na saba zilizokomaa, ngumu, rangi ya asali. Nilifurahi hadi nikachana kipande cha kitenge changu, nikakifunga kwenye kamba yake, nikairudisha hivyo. Sikujua nimewasha nini. Baada ya miezi minne kila mwanaume wa kile kibanda alikuwa anataka kitambaa. Walitundika kamba zao mlangoni kama mapambo ya Idi. Mmoja alituma ujumbe kwamba ameridhika na sifa lakini rangi ya chungwa haimpendezi, kama kuna buluu atashukuru. Kitenge changu kilikwisha. Nikaingia kwenye kitenge cha Sephora, naye akapiga kelele, lakini akatoa.

Mwaka wa pili Namegabe akaongeza la kwake. Kila shina wanaliachia fito changa zote na mbili kuukuu za kulilinda, na katika mabonde matatu wanayokata, moja linapumzika mwaka mzima. Aliniambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi ya binti yake: "Maman, kekele imerudi karibu na njia! Nimejichoma mwiba wake leo nikienda kukojoa!"

Sijawahi kupokea habari njema kama hiyo, wala kwa lugha kama hiyo.

Msingi wa yote ulikuwa mmoja: tita nililolikataa halikuingia ndani ya ua wangu, hata Sephora aape kwa jina la mama yake. Nikilegea mara moja tu, mkono unaokata kule juu unajua, na shina zima linaanguka. Hicho ndicho nilichokuwa nacho mimi. Sina duka wala diploma. Nina neno apana, na watu ishirini na mmoja msituni wanaolisikiliza.

Na tulikuwa tunafurahia kazi, wallahi. Tangu baiskeli na pikipiki zizuiwe kuingia mjini, matita tulikuwa tunayashusha mbali tunayabeba kichwani, Sephora mbele, mimi nyuma, tita moja refu juu yetu wote wawili kama panzi mwenye miguu minne. Tatizo lilikuwa kona. Sephora akisikia mtu anamsalimu anageuka, na akigeuka yeye, mimi huku nyuma nafagia barabara. Siku moja nilifagia meza nzima ya mandazi.

"We Sephora, usigeuke!"

"Mutu ananisalimia, nisiitike? Mi sikulelewa hivyo!"

Mwenye mandazi alitufukuza hadi karibu na msikiti, na tulikuwa tunacheka hatuwezi kukimbia, na tita haliwezi kukunjwa, na mandazi matatu yalikuwa yamechomwa kwenye ncha za fito kama mishikaki. Tuliyala.

Hapo ndipo shemeji alipoingia.

Anouar anauza simu. Ni mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi. Alisikia kwamba kiwanda kimoja cha samani, huko Zone Industrielle, kinatafuta rotini safi, isiyoua msitu, inayojulikana imetoka kwa nani, na msimamizi wake, mama mmoja anayeitwa Ernestine, amezunguka mji mzima hajaipata. Anouar akaja kwangu na soda na karatasi.

"Shemeji, tunatengeneza ushirika. Weka kidole hapa tu."

"Imeandikwa nini?"

"Kwamba we ni mwanachama. Kwamba unafuma." Akapitisha kidole juu ya mistari mingi sana kwa maneno machache vile. Mstari wa mwisho ulikuwa peke yake na mrefu, na aliupita kimya. Niliuona. Nikajiambia, huyu ni ndugu wa Hamissi.

Mstari ule ulisema nini nilikuja kujua baada ya wiki tatu, tulipokwenda na Sephora kupeleka viti viwili vya mfano kiwandani. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya Anouar ameshika kamba yenye kitambaa cha kitenge changu, anaitabasamia kama aliizaa. Sephora anasoma. Akasoma mpaka chini, akarudi kusoma tangu juu.

"Wameandika nini?"

"Anouar. Muanzilishi wa mafundo. Mwenye mnyororo endelevu wa rotini."

"Mnyororo? Nani amefungwa?"

"Sijui, mama. Labda sisi."

"Na mimi niko wapi?"

Akatafuta, akatafuta, akaweka kidole pembeni ya picha, chini. "We uko hapa. Huu ni mkono wako."

Ulikuwa mkono wangu kweli, na kisu cha Hamissi. Hadi kwenye kiwiko. Hapo karatasi ilikuwa imekatwa.

Na hakuishia ukutani. Alikodi gari, akaenda Mwenga hadi gari liliposhindwa, akatembea dakika ishirini kwa viatu vya ngozi, akasimama mbele ya wakataji wote. Akawaambia wazo la mafundo lilikuwa lake tangu mwanzo, kwamba mama wa Bujumbura amechoka na kazi, ameacha, na kwamba kuanzia sasa kurudisha kamba kumekwisha, ni mambo ya kitoto, anayekubali matita ni yeye. Wakataji walitoa kamba zao mlangoni. Namegabe alinipigia simu kuuliza nimechoka nini. Nilimwambia sijachoka, lakini wale wengine walikuwa wamesikia kwa masikio yao mtu wa shati jeupe, na mimi nilikuwa sauti ya kwenye simu ya mtu mwingine.

Nilimwendea Anouar dukani kwake. Nikamwambia anirudishie apana yangu.

"Shemeji, usiwe na hasira. Kazi ni ya familia."

"Basi uwaambie familia inaitwa Asiya."

"Soko halitaki mambo ya kamba na vitambaa. Linataka mutu wa kuongea."

"Na ukiletewa watoto, utajua?"

Akacheka. "Rotini ni rotini."

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Ernestine alisema kabla ya kusaini atakuja kuona. Atachagua tita lolote, ataambiwa limekatwa na nani na katika bonde lipi, kisha atampigia Namegabe amuulize. Majibu yakifanana, kiwanda kinachukua rotini ya wale watu ishirini na mmoja peke yao, mwaka mzima. Yasipofanana anarudi kwenye viti vya plastiki, na wakataji wanarudi kwa wachuuzi wa Uvira, wale wanaonunua mama na watoto.

Niliitwa kupika chai. Ndiyo, mimi. Nilikwenda, na Sephora akaja kunishikia vikombe, maana alisema jambo hili hataki kusimuliwa. Tulipoingia kwenye bohari aliyokodi Anouar tulisimama mlangoni. Kumefagiliwa. Kumenyunyiziwa maji. Na matita thelathini yamepangwa safu tatu, kila tita limefungwa kamba mpya ya nailoni ya buluu, na juu ya kila kamba kuna ua la utepe, kama zawadi za harusi.

"Shemeji," nikasema, "kamba za zamani ziko wapi?"

"Zile takataka? Nimezisafisha zote. Si inapendeza?"

"Umezipeleka wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye kona kulikuwa na mbabula, jiko la mkaa, na juu yake sufuria ya maji ya chai, na chini yake gome la mwisho, lenye fundo la kusokotwa kama nywele, lilikuwa linamaliza kuungua.

Nilianza kwa kutetemeka mabega. Sephora akanishika akidhani nalia. Kisha na yeye akaelewa, na tukakaa chini wote wawili kwenye sakafu iliyonyunyiziwa maji, kanga zetu zikalowa, tukacheka hadi nikasikia maumivu ubavuni. Ushahidi wote wa mnyororo endelevu unachemsha chai! Anouar alikuwa anatuzunguka, "Nini? Nini? Inukeni, mgeni anakuja!" na kila alivyosema "nini" tulianza upya.

Ernestine aliingia na viatu vya mpira na daftari. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikataa soda, akakubali chai, akaisifu. Sephora akatoka nje kucheka. Aliporudi, Ernestine alikuwa ameweka mkono juu ya tita la safu ya pili.

"Hili. Nani alikata?"

Anouar akalitazama ua la buluu kana kwamba litamnong'oneza. "Hili lilikatwa na mkataji wetu."

"Jina?"

"Wako wengi, madamu."

"Bonde?"

"La... la kule."

Ernestine akafunga daftari. Sikuona uso wake ukibadilika, na hilo lilinitisha zaidi.

Sephora akaninong'oneza, "Nyamaza, mama. Mwache azame." Na nakiri nilitaka. Nilisimama na birika mkononi nikanyamaza kwa muda wa kumimina kikombe kimoja, na ule muda ulikuwa mtamu, sitawadanganya. Lakini akizama yeye, anazama na mabonde matatu. Wakataji watakwenda kwa wachuuzi, na hata nikirudishiwa apana yangu hakutakuwa na mtu wa kumwambia. Nikaweka birika chini, nikapiga magoti mbele ya tita.

"Madamu, kamba imeungua. Lakini mkono haujaungua."

Maana mkono hauko kwenye fundo peke yake. Nilishika ncha za fito moja moja. Zilikuwa zimekatwa kwa panga, pigo moja, na mteremko wa zote ulikwenda upande usio wa kawaida. Miba ilikuwa imekwanguliwa kuelekea juu, imeacha vidoadoa.

"Huyu anatumia mkono wa kushoto. Jina lake silijui. Fundo lake linasokotwa kama nywele za mwanamke. Na udongo huu mwekundu ni wa bonde la juu."

Ernestine akapiga simu, akaweka sauti ya nje. "Bwana Namegabe, nani kwenu ni wa kushoto, anasokota kamba kama nywele?"

"Huyo ni Patrick! Amefanya nini tena?"

"Anakata bonde gani?"

"La juu, kwa sababu kwenye bonde la chini kuna mama mkwe wake!"

Bohari yote ikacheka, na Ernestine naye akacheka, mara moja, kifupi, kama mtu anayekohoa. Akachagua jingine. Nikashika ncha, nikasema huyu ana haraka, anakata chini sana, panga lake lina pengo, fundo lake lina mkia mrefu. Namegabe akajibu hata kabla ya kuulizwa vizuri: "Honoré! Mwambieni anunue panga!"

La tatu alilichukua kutoka safu ya nyuma, karibu na ukuta. Nikashika ncha ya kwanza. Nikashika ya pili. Nikarudia. Vidole vyangu havikuona mtu. Fito zote zilikuwa zimekatwa na msumeno, sawasawa, na nilipobonyeza ukucha uliingia.

"Hili si la mtu wetu," nikasema. "Na ni watoto watupu."

"Bwana Namegabe," Ernestine akasema kwenye simu, "mlituma matita mangapi?"

"Ishirini na saba, madamu."

Ernestine akahesabu kwa kalamu, tita kwa tita, bila haraka. Sisi sote tulijua ni thelathini. Hata hivyo tulimwacha ahesabu, na Anouar alikuwa anapungua ndani ya shati lake kila alipoendelea.

"Matatu haya?"

"Nilinunua Uvira," Anouar akasema. "Ishirini na saba haikai vizuri, madamu. Safu ya mwisho ilikuwa inakuwa fupi. Nilitaka ipendeze."

"Kwa hiyo hii kazi ni ya nani?"

"Ni... ni ya familia."

"Familia gani?" Sephora akalipuka. "Ile ya picha, yenye mkono mumoja?"

Nilifikiri Ernestine atatufukuza wote. Badala yake aliniuliza umri, aliniuliza nilijifunza kwa nani, akaniomba nimwonyeshe tena jinsi ya kubonyeza ukucha, na yeye akabonyeza, na ukucha wake ukavunjika kwenye ufito wa Patrick, akafurahi kama amepewa zawadi. Yale matatu yalitolewa nje. Akaandika palepale kwamba hakuna tita litakalopokelewa na kiwanda bila kupita mikononi mwangu, na nikilikataa, limekataliwa. Sephora aliisoma karatasi hiyo mara mbili kwa sauti, kisha akaisoma kutoka chini kwenda juu, kwa usalama. Ndipo nikaweka kidole.

Tulirudi Bwiza kwa miguu, kanga zimelowa, Sephora akinipigia vigelegele kwenye kila kona hadi watu wakatuuliza nani anaolewa. "Huyu!" akawa anasema. "Anaolewa na kiwanda!" Mwanamume mmoja kwenye kibanda cha simu alitupa hongera kwa dhati kabisa. Wiki iliyofuata picha ya ukutani ilibadilishwa. Sasa niko mzima, kichwa na miguu, ila nimefumba macho.

Kazi inaendelea. Apana yangu ninayo, na mwezi uliopita nimeitumia mara nne. Ernestine hanidai wala simdai. Namegabe naye ni vivyo hivyo.

Anayedaiwa ni Anouar. Alisimama Mwenga mbele ya watu ishirini na mmoja akasema nimechoka na kwamba wazo lilikuwa lake. Wengine kule bado wanaamini hivyo. Kamba kumi na mbili hazijarudi mlangoni, na wenye kamba hizo wanakata vizuri kwa kumwogopa Namegabe tu, na mtu akikata kwa woga siku moja ataacha. Simu haitoshi, Namegabe kuwaeleza hakutoshi. Anouar mwenyewe anatakiwa arudi pale pale, asimame mbele ya wale wale, aseme kwamba alidanganya, na ataje jina langu. Alikubali mbele ya Ernestine. Alisema ataenda mvua zikiisha, zikaisha. Akasema mafuta yakipatikana. Jumanne nilimwona ametoka kwenye foleni ya petroli na bidoni mbili zimejaa. Sasa anasema goti linamuuma. Anadaiwa na mimi, na anadaiwa na watu kumi na wawili wanaofikiri niliwatupa, na goti lake halihusiki.